MJADALA: Chama kisaini kupunguza maslahi yetu bila sisi kupiga kura?

Mleta mada (kitengo cha mizigo, uwanja wa ndege Mwanza)

Ndugu zangu wa viwanja vya Kanda ya Ziwa na kwingineko, nawasalimu.

Chama chetu cha wafanyakazi kimesaini na mwajiri mkataba mpya wa hali bora, yaani mkataba wa pamoja wa mishahara na maslahi. Sitaji kampuni wala chama, maana nina watoto shuleni, na pia jambo lenyewe si la kampuni moja. Mkataba umesainiwa Dar es Salaam. Sisi wa Mwanza tumeukuta kwenye ubao wa matangazo ukiwa na saini na mhuri. Nyongeza ya mwaka imesimamishwa. Posho ya usiku imeshushwa mpaka kiwango cha chini cha sheria, yaani asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Wapakiaji na watu wa kaunta wapya wataajiriwa kupitia wakala, kwa ngazi yao tofauti ya mshahara. Na saa za kazi zitahesabiwa kwa wastani. Tarehe ya haya yote kukoma haikuandikwa popote.

Hilo la wastani ndilo zito, na wengi hawajaling'amua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na ukizidisha unalipwa mara moja na nusu. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu mkataba wa pamoja kuhesabu saa kwa wastani wa kipindi kirefu, mradi kisizidi mwaka. Maana yake, wiki ambayo ndege zimechelewa na shehena ya minofu na mabondo ya samaki imerundikana, unavuta mizigo mpaka usiku. Wiki inayofuata unaambiwa kaa nyumbani. Mwisho wa kipindi wastani unatoka sawa na ovataimu yako haionekani. Mwajiri hawezi kujiamulia hilo peke yake, lazima chama kisaini. Na chama kimesaini.

Nieleweke. Sisemi kampuni isisaidiwe ikiwa taabani. Ninachosema ni kwamba kiongozi ambaye hajaonyeshwa vitabu vya hesabu asitoe jasho la wenzake, na kinachotolewa kiandikiwe tarehe ya kurudi.

Yaliyotokea Marekani mwaka 2003 yanafundisha. American Airlines ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Vyama vyake vitatu vikakubali kuachia takriban dola bilioni 1.6 kwa mwaka katika mishahara na maslahi, na wanachama wakapiga kura, wengi kwa shingo upande. Kura zimeshapigwa, ndipo ikajulikana kupitia taarifa za kampuni yenyewe kwamba wakubwa walikuwa wametengewa bonasi za kuwabakiza kazini, na mfuko wa kulinda pensheni zao hata kampuni ikifilisika. Mkurugenzi mkuu, Don Carty, alijiuzulu mwezi huohuo wa Aprili. Makato yakabaki. Tena kwa sheria ya huko mkataba wa wafanyakazi wa ndege hauishi nguvu tarehe ikifika; unaendelea kutumika mpaka mwingine upatikane. Marubani wa American walikuwa na haki ya kuufungua ujadiliwe upya mwaka 2008, lakini kampuni ilipokimbilia mahakamani kujikinga na wadai Novemba 2011, bado walikuwa chini ya makubaliano yaleyale ya 2003.

Hapa jirani, Kenya Airways ilisimamisha michango yake kwenye mfuko wa akiba wa marubani wakati wa UVIKO. Novemba 2022 marubani waligoma, na kurudishwa kwa michango hiyo kulikuwa miongoni mwa madai yao makubwa. Siku chache baadaye mahakama ikawaamuru warudi kazini. Kutoa kulichukua muda mfupi, kurudishiwa kukahitaji mgomo.

Karibuni tujadili.

Fundi wa ndege, Kirumba

Kaka, umeongea kwa upole mno. Mimi nimeshaandika barua. Sheria inaniruhusu kusimamisha makato ya ada kwa notisi ya mwezi mmoja, na hiyo asilimia 2 yangu nitalipia bili ya maji. Chama kinachosaini kunipunguzia kipato hakina tofauti na idara ya rasilimali watu, isipokuwa hiki nakilipa mimi.

Na tusitishane. Kuandikisha chama kunahitaji wafanyakazi 20 tu. Mafundi tunafika. Leseni zetu ndizo zinazoipa ndege ruhusa ya kuruka.

Aliyewahi kuwa katibu wa tawi, Nyegezi

Nimesoma kwa uchungu, maana niliwahi kukaa kwenye meza ya aina hiyo, katika mkataba uliotangulia.

Mwajiri anakuja na karatasi mbili. Moja inapunguza maslahi, nyingine inapunguza watu. Sheria inamtaka atoe taarifa na kushauriana nasi kabla ya kuachisha, lakini haimzuii kuachisha. Kiinua mgongo cha sheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na kinaishia miaka 10. Mtu aliyetumikia miaka 18 anaondoka na siku 70, pamoja na notisi na likizo zake. Wewe ungeshika karatasi ipi?

Mashirika hufa kweli. East African Airways ilikufa mwaka 1977. Fastjet ilianza kuruka Novemba 2012, na Mwanza ilikuwa kwenye njia zake za kwanza kabisa. Desemba 2018 ndege zake zikasimama. Wenzetu waliokuwa pale siku ile hawakuwa na posho ya kugombania.

Kuhusu kura, wanachama wametawanyika Dar, KIA (Kilimanjaro), Dodoma, Bukoba, Kigoma, kila mmoja na zamu yake. Mwajiri anakupa siku chache. Unakusanyaje kura? Na vitabu tuliviomba. Tukajibiwa kwamba ni siri ya biashara.

Mleta mada

Shikamoo katibu. Nashukuru umejitokeza, wengi wa nafasi yako wamenyamaza. Lakini hapo kwenye "siri ya biashara" ndipo tulipopotelea. Mwajiri aliyekitambua chama anawajibika kisheria kukipa taarifa zinazohusu majadiliano. Ya siri anaweza kuyazuia pale tu ambapo kuyatoa kungemletea madhara makubwa, na mkibishana, jambo linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mlikwenda CMA? Kama hamkwenda, basi karatasi zile mbili mlizichagua kwa neno la mtu mwenye maslahi nazo.

Fundi, hasira yako ni yangu, ila dawa yako naiogopa. Ukijitoa, mkataba bado unakubana, kwa sababu chama chenye wengi kinasaini kwa niaba ya wote waliomo kwenye kundi la majadiliano. Na pakiwepo makubaliano ya ada ya uwakala, yaani ada anayokatwa hata asiye mwanachama kwa kuwa chama kinamwakilisha, utaendelea kukatwa bila kuwa na kauli kwenye mkutano.

Mafundi wa Northwest Airlines ya Marekani walifanya unachotaka kufanya. Mwaka 1998 walikihama chama kikubwa wakaingia AMFA, chama cha mafundi peke yao. Agosti 2005 waligoma kupinga makato, watu wapatao 4,400. Kampuni ilikuwa imeshaandaa mafundi mbadala, na wafanyakazi wa vyama vingine, kikiwemo kile walichokihama, wakaendelea na kazi. Ndege ziliruka, na wengi wao hawakurudi tena. Leseni zao zilikuwa halali kama zako.

Dada wa kaunta, kupitia wakala

Kaka mleta mada, mimi ndiye huyo "mpya" uliyemtaja kwa mstari mmoja kisha ukasonga mbele.

Navaa sare ileile. Nasimama kaunta ileile na dada aliyenitangulia, napokea abiria yuleyule anayelalamikia uzito wa begi lake. Anachopokea yeye mwisho wa mwezi mimi sikifikii hata nikifanya zamu zake na zangu. Wakala akikosana na kampuni kesho, mimi sina hata wa kumwandikia barua.

Sasa nauliza kwa heshima. Mngepewa kura, mngepiga kura gani? Kipengele cha watu wa wakala hakikumgusa aliyekuwa tayari ameajiriwa, kilimgusa ambaye hakuwa ukumbini. Nawapenda wenzangu, lakini naamini wengi wangekipitisha ili nyongeza yao irudi. Kwa hiyo msiniambie kura peke yake ni haki.

Mstaafu, Igombe

Wanangu, nawasomea humu kwa msaada wa mjukuu. Niwaongezee jambo moja. Mwaka 1964 shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilivunjwa ikaundwa NUTA, chama kimoja cha nchi nzima, na katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza alikuwa Waziri wa Kazi mwenyewe. Tulizoea chama kinachotazama juu. JUWATA ikaja, OTTU ikaja, sheria zikabadilika, mazoea yakabaki. Kijana akisema kiongozi hamuulizi, mimi sishangai. Lakini sasa hakuna sheria inayomkataza kuuliza.

Mnunuzi wa samaki, Kayenze

Mimi si mwanachama wenu. Naomba tu mkumbuke kwamba mkigoma, mzigo wangu unaharibika kabla ya jua kutua, na mvuvi niliyemkopa halipwi.

Mleta mada

Mfanyabiashara, nimekusikia. Mgomo haujatajwa na mtu hapa, na hauanzi ghafla: lazima mgogoro upite CMA, wanachama wapige kura, kisha notisi ya saa 48. Utapata muda wa kupanga.

Dada wa kaunta, umenibana mahali pa haki, na nimefikiria sana kabla ya kujibu. Kura ya wachache walio ndani inaweza kumuuza aliye nje. Kwa hiyo naongeza kwenye hoja yangu: kipengele chochote kinachotenganisha ngazi ya mshahara kwa kazi ileile kisipigiwe kura kabisa mpaka wanaofanya kazi hiyo wawe wamesajiliwa kama wanachama na wanahesabiwa. Chama kina haki ya kuwasajili hata ninyi wa wakala. Sijaona tawi letu likija na fomu kaunta, na hilo nitaliuliza kwa sauti.

Mzee wangu, shikamoo. Uliyosema ndiyo shina la yote. Sheria yetu inadai kura kabla ya mgomo. Kabla ya kusaini mkataba, jambo hilo limeachiwa katiba ya chama, na katiba zinaandikwa na viongozi. Wenzetu Marekani wanapiga kura ya rasimu, na wanaitumia: Julai 2025 wahudumu wa ndege wa United Airlines waliikataa rasimu ambayo viongozi wao waliwaletea, asilimia 71 wakisema hapana. Chama hakikuvunjika. Viongozi walirudi kuwauliza wanataka nini.

Aliyewahi kuwa katibu wa tawi, Nyegezi

Hatukwenda CMA. Tuliogopa mwajiri angesema tunavunja majadiliano. Hilo nalikubali.

Lakini kuhusu kura bado sijashawishika. Watu waliolala kwa muda wa saa nne tu baada ya zamu ya usiku watasoma kurasa 30 za mkataba lini? Watapiga kura kwa kumtazama mwenye sauti kubwa. Mimi ningependa tarehe ya kukoma iandikwe kuliko hiyo kura. Kipengele kikiwa na miezi 18, hata kiongozi dhaifu hawezi kukiendeleza bila kurudi mezani.

Fundi wa ndege, Kirumba

Miezi 18 ya nani, katibu? Ukishaweka tarehe bila kura, wataandika miaka 5.

Mleta mada

Vyote viwili, fundi. Na barua yako naomba uishikilie mpaka mkutano wa tawi, tunakuhitaji uhesabiwe kwenye akidi.

Mkataba usipoeleza vinginevyo, upande wowote unaweza kuuvunja kwa notisi ya muda wa kutosha, na nakala inatakiwa iwe kwa Kamishna wa Kazi. Wiki hii tunaandika barua mbili: moja kwa chama kuomba mkataba kamili pamoja na taarifa za hesabu walizopewa, nyingine kwa Kamishna kuomba nakala. Dada, karibu usaini ya kwanza pamoja nasi.

Walioko Bukoba, Kigoma na KIA, semeni: kwenu rasimu ilifika kabla ya saini au mliikuta ubaoni kama sisi?