Tupeane uzoefu: Kamera imekufia safarini Tanga au Pangani, ulitengeneza au ulinunua nyingine?

Mtoto wa Bweni
Wakuu salaam. Leo asubuhi kwenye pantoni, tunavuka kutoka Pangani mjini kwenda Bweni, kijana mmoja mgeni kampa mwenzake kamera ampige picha. Mkanda haukuvaliwa. Kamera ikaenda chini kwenye bati, puu! Lenzi ikabaki inaning'inia. Hatujafika hata katikati ya mto kila abiria ameshakuwa fundi: huyu anasema irudishwe Tanga mjini, yule anasema Dar ndiyo suluhisho, mama mmoja mwenye tenga la ndizi akamwambia, "Mwanangu, si una simu?" Na kijana ndiyo kwanza anakwenda Ushongo kuanza likizo yake.

Nikakumbuka yaliyonikuta nikirudi kutoka Maziwe. Mnaokijua kile kisiwa mnajua ni fungu la mchanga, maji yakijaa linamezwa lote, kwa hiyo nahodha akisema tuondoke ni tuondoke, hata kama upepo umekaza. Wimbi likapanda ubavuni na kuingia moja kwa moja kwenye begi. Yangu nitayasimulia, lakini kwanza nataka yenu. Ilikufia wapi, uliamuaje, na leo ungeamua hivyo hivyo?

Kidagaa Raskazone
Naweka kiti hapa mbele kabisa.

Miguu Mitatu
Yangu ilianguka Mapango ya Amboni. Mle ndani hupati picha ya maana bila stendi na kuacha shata (lile pazia la kuingizia mwanga) wazi sekunde kadhaa. Nimeshaisimamisha vizuri, mwongozaji anatusimulia zile habari zake za njia ya chini kwa chini inayotokea Mombasa, mtoto wa mgeni mmoja akapita mbio na mguu mmoja wa stendi. Chini pale ni jiwe la chokaa tupu, hakuna huruma. Shingo ya lenzi, ile ya plastiki inayojifunga kwenye bodi (kamera yenyewe bila lenzi), ikakatika.

Nikaipeleka Ngamiani kwa fundi mmoja, mzee mtaratibu sana. Hakugusa bisibisi. Alitoa lenzi yake kwenye droo, akaifunga kwenye bodi yangu, akabonyeza. Kamera ikapiga. Akasema, "Mwanangu, mgonjwa ni lenzi. Na hii 18-55, lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, usiitengeneze, tafuta ya mtumba, watu wanaziuza kila wanapopanda daraja." Akanieleza pia kwamba hizi shingo za plastiki tunazozidharau zinapovunjika ndizo zinazoiokoa bodi, maana nguvu ya kuanguka inaishia pale.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya kutengeneza, jua kwanza kilichoharibika ni kipi. Bodi yako ijaribu na lenzi ya mtu, lenzi yako ijaribu na bodi ya mtu. Na ukiona kioo cha mbele kimepasuka usilie haraka, mara nyingi ni filta tu, kile kioo cha ziada kinachofungwa mbele ya lenzi.

Mama Nasra
Ya kwangu ililowa chapachapa. Niliifukia kwenye ndoo ya mchele, ikapona, naitumia mpaka leo. Sikumpa fundi hata mia.

Volti
Mama Nasra, shikamoo, lakini mchele ni imani tu. Unaingiza vumbi na chembe kwenye lenzi. Maji ya bahari ndiyo kabisa, hayana habari na mchele. Yakikauka yanaacha chumvi juu ya saketi, na hewa yetu hii ya pwani ina unyevu, chumvi inaunyonya, shaba inaliwa polepole. Leo inawaka unashangilia, mwezi ujao imekufa. Cha kufanya: toa betri papo hapo, toa kadi, USIWASHE kujaribu. Mpe anayejua, aifungue, aioshe saketi kwa yale maji safi ya betri za magari (maji, siyo asidi!), kisha spiriti, kisha ikauke.

Mama Nasra
Marahaba. Sasa kama mchele ni imani mbona kamera yangu inapiga?

Volti
Ililowa bahari au mvua?

Mama Nasra
Mvua.

Volti
Haya basi.

Mama Nasra
Haya basi nini? Hukuuliza, ukaanza kunifundisha. Vijana wa siku hizi mkishika bisibisi mnajiona madaktari.

Kidagaa Raskazone
Samahani mama, ule mchele ulitupwa au ulipikwa?

Mama Nasra
Ulipikwa, tena na nazi. Na waliokula bado wapo.

Mgosi wa Soni
Naunga mkono kutowasha. Ila naongeza: na kufungua mwenyewe pia muache. Shemeji yangu alichukua bisibisi ya cherehani akafungua kakamera kadogo kenye flashi, betri ameshaitoa, anajiona salama. Kapasita ya flashi inabaki na umeme, volti kama 300 hivi. Alirushwa mpaka kwenye kabati la vyombo. Tukanunua kamera na sahani.

Kaskazi
Huu uzi umenigusa kidonda. Kaeni.

Nilikuwa natoka Lushoto, nimepiga picha zangu nzuri pale Irente, nateremka Tanga nipande boti kwenda Pemba. Kufika mjini kamera ikagoma, kila nikibonyeza inaandika Err. Sikuwa na siku za kukaa kusubiri, na Pemba nilikuwa nakwenda kwenye shughuli ya familia, si kazi. Nikaiacha kwa fundi Ngamiani (siye yule mzee wa Miguu Mitatu, huyu kijana tu), akasema, "Nenda salama, ukirudi utaikuta inaimba." Nikaridhika.

Shughuli ikaisha mapema, nikarudi kabla ya siku tuliyopatana. Nikafikia kwa shangazi Chumbageni. Jioni ile shangazi ana mwaliko wa harusi, akasema huwezi kukaa nyumbani peke yako, vaa twende. Tukaenda. Naingia ukumbini, namwona mpiga picha anazunguka meza kwa meza, na kamera yake ina mkanda wa kanga. Ule mkanda alinishonea dada yangu kwa kipande cha kanga ya mama. Haupo mwingine duniani.

Nikamwambia shangazi, "Ile kamera ni yangu." Shangazi akamtazama yule kijana, akanitazama mimi, akasema, "Kula pilau kwanza."

Nikala. Mikono inatetemeka lakini nikala. Ningesimama pale ningeivuruga harusi ya watu, na bibi harusi hana kosa. Namwona anapiga wazee, anapiga keki, anapanda juu ya kiti, kamera inawaka flashi pap pap pap, na nakiri moyoni nilijisemea, kumbe imepona!

Alipotoka nje kupumzika nikamfuata. Akaapa amekodishiwa na fundi, hajui mwenyewe ni nani, na nilimwamini maana alikuwa tayari kunivulia ule mkanda pale pale. Nikamwacha amalize kazi ya watu.

Asubuhi nikaenda kwa fundi kama sijui lolote. Akanipa kamera imefutwa inang'aa. "Nilipiga mbili tatu tu za kujaribu." Nikaweka kadi yangu, nikapiga moja, nikamwonyesha namba ya faili. Imeruka zaidi ya mia sita. Kumbe hesabu ile iko kwenye kamera, ukiiacha kwenye mpangilio wa kuendelea haijali umebadilisha kadi. Akanyamaza. Halafu akasema, "Kaka, lakini si umeona mwenyewe imepona?"

Kidagaa Raskazone
😂😂😂 Pilau ya kuku au ya ng'ombe?

Mama Nasra
Huyo shangazi ana hekima. Mpe salamu zangu.

Bandarini
Kaskazi, ulimlipa?

Kaskazi
Hakudai, nami sikutoa mkono mfukoni.

Hakimu wa Mtaa
Huo ni wizi mtupu. Mali ya mtu umeaminiwa kuitengeneza, wewe unaikodisha? Ungempeleka kituoni asubuhi ile ile.

Bandarini
Wizi gani? Kamera imerudi, imepona, hela haikutoka. Mafundi wa baiskeli wote wanaendesha baiskeli za wateja.

Hakimu wa Mtaa
Wanazunguka nazo uani, hawabebi abiria kwa nauli. Shata ina umri wake. Kila picha inakula umri wa mwenye mali.

Volti
Kwa umri wa shata hapo Bandarini ana hoja. Nikon D3500 shata yake imepimwa kwa mapigo 100,000, Canon 5D Mark III ni 150,000. Mia sita ni kidogo sana. Lakini ukienda kununua ya mtumba usisahau kuuliza imeshapiga ngapi, maana kamera ya harusi inaweza kung'aa nje na ndani imechoka.

Bwana Harusi Mstaafu
Kaskazi, huo ukumbi ulikuwa wapi? Naulizia kwa sababu picha zetu hatujazipata mpaka leo.

Kaskazi
Usiniambie.

Bwana Harusi Mstaafu
Keki ilikuwa ya ngazi?

Mtoto wa Bweni
Jamani turudi kwenye mada. Hayo mkayamalize faragha.

Kidagaa Raskazone
Hapana! Waacheni hapa hapa.

Kasa wa Ushongo
Naongoza wageni huku. Mgeni wangu mmoja wa Ujerumani kamera yake ilijaa mchanga, lenzi inatoka nusu inarudi, inasaga kama kinu. Mimi nahangaikia fundi, yeye ametulia anakunywa madafu. Kumbe ana bima ya safari. Anachotaka ni karatasi tu. Tukaenda kituo cha polisi, mimi nikidhani RB, ile karatasi ya kuripoti tukio, itatosha. Afande akauliza, "Imeibiwa?" Hapana. "Imepotea?" Hapana, hii hapa. "Sasa mnataka niandike nini, kwamba mchanga umekamatwa?" Tukarudi. Kilichosaidia ni fundi kuandika kasoro na makadirio ya gharama, akagonga mhuri. Mgeni akanunua nyingine alipofika Dar. Wenye wageni, ulizeni habari ya bima kabla hamjamgusisha fundi bisibisi, maana ikishafunguliwa anaweza kukosa.

Mjini Kwanza
Mnajichosha. Tanga hakuna fundi wa kamera. Panda basi nenda Kariakoo, kila kitu kipo.

Miguu Mitatu
Nimeandika hapo juu fundi kanitengenezea Ngamiani, hukusoma?

Mjini Kwanza
Hakutengeneza, kakwambia ununue lenzi.

Miguu Mitatu
Na huo ndio ufundi. Wa kwenu angeitengeneza akanitoza.

Binti Kaole
Mimi niko Bagamoyo, kwetu Dar ni kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ninyi wa Tanga mna kama kilomita 350 mbele yenu, lazima mpige hesabu ya nauli, kulala, na siku za safari mtakazozipoteza. Ukijumlisha vyote unaweza kukuta hela ya bodi ya mtumba imeishia barabarani kabla fundi hajakutajia bei.

Halafu mbona wote mnasema kutengeneza au kununua? Kukodi kupo. Kamera ilinifia wakati wa tamasha la sanaa pale TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, jukwaa linawaka, ngoma ya kwanza imeshaanza. Nikamfuata mpiga picha wa harusi wa mtaani kwetu, nikaweka kitambulisho na kianzio, nikafanya kazi yangu. Uamuzi wa kutengeneza niliufanya nyumbani, nimetulia, si kwa presha. Presha ndiyo inayonunua kamera mbovu.

Bandarini
Kaskazi, umesikia? Kukodi kupo 😂

Mgosi wa Soni
Sisi tunatuma kwa basi kama kifurushi. Unaifunga vizuri, fundi anaipokea Dar, stendi ya Magufuli.

Hakimu wa Mtaa
Iwekwe kwenye buti chini ya viroba vya machungwa ya Muheza? Thubutu.

Mgosi wa Soni
Unampa kondakta mkononi. Na kabla ya kuituma piga picha ile namba iliyoandikwa chini ya bodi, isije ikarudi pacha wake.

Simu Tosha
Mimi nawashangaa. Simu zenu hazina kamera?

Kasa wa Ushongo
Njoo upige vitoto vya kasa vikiingia baharini jioni giza likianza, bila kuwasha taa, ukiwa mbali. Kisha tuletee.

Simu Tosha
Nitavikuza.

Kasa wa Ushongo
Utaleta picha ya mchanga.

Mtoto wa Bweni
Niliahidi yangu. Baada ya wimbi la Maziwe nilitoa betri na kadi hapo hapo botini, kadi nikaisuuza kwa maji ya kunywa, ikakauka, picha zote zilikuwepo. Hilo ndilo lililonituliza, maana safari nzima ilikuwa kwenye ile kadi. Kamera ilioshwa mjini kama alivyoeleza Volti. Fundi aliniambia wazi: "Nakutengenezea umalizie safari, usiihesabu kuwa hai." Na kweli nilimaliza nayo Tongoni, nikapiga yale makaburi ya zamani na msikiti. Baadaye vitufe vikaanza kujibonyeza vyenyewe, nikaiuza kwa mafundi kwa ajili ya vipuri. Kwa maji ya chumvi ningefanya vile vile: kulipa kidogo inisogeze. Angenitajia zaidi ya nusu ya bei ya mtumba wa aina ile ile, ningekataa. Ya kuanguka naona kila moja ina yake, hapo nawaachia Miguu Mitatu na mzee wake.

Volti
Umesema sahihi. Na kwa wale wa Err, kabla ya kuiacha popote futa vile vidoti vya shaba kati ya lenzi na bodi kwa kitambaa kikavu. Mara nyingine ni uchafu tu.

Mgosi wa Soni
Raba ya penseli ndiyo dawa.

Volti
Raba inaacha makombo yanaingia ndani. Kitambaa.

Mgosi wa Soni
Miaka yote natumia raba.

Mama Nasra
Mwache Volti, hata mchele hautaki.

Makorora Moja
Kwa aliyevunja lenzi, ninayo 18-55 nzima kabisa, inafunga vizuri, sababu ya kuuza nimepata kubwa. Bei njoo faragha.

Hakimu wa Mtaa
Weka bei hapa. Hizi za faragha ndizo zinazotutoa machozi.

Miguu Mitatu
Ina ukungu ndani? Lenzi za huku pwani nazijua.

Makorora Moja
Kidogo, pembeni.

Miguu Mitatu
Kidogo kiasi gani?

Makorora Moja
Kwenye picha hauonekani, labda upige anga kwa f/16, tundu la lenzi likiwa dogo.

Kidagaa Raskazone
Kwa hiyo ni ya kupigia harusi za usiku. Bwana Harusi Mstaafu, kuna lenzi yako huku.