Zenoni au tyubu mbili? Taa ya kupima dawa zinazoharibiwa na mwanga

Mkemia_Moro: Wakuu, tunaandaa kipimo cha mwanga kwa vidonge vya nifedipini, dawa ya shinikizo la damu, tukifuata ICH Q1B, mwongozo wa kimataifa wa kupima dawa kwa mwanga. Unaruhusu njia mbili: taa moja inayoiga mwanga wa mchana, mfano taa ya gesi ya zenoni, au tyubu mbili za fluoresenti, nyeupe na ya urujuanimno (UV). Bajeti yetu ndogo. Mnashauri ipi?

Maabara_Nbo: Sisi tuna zenoni. Luksi-saa (ukali wa mwanga mara saa) milioni 1.2 zinazotakiwa tunazimaliza haraka sana. Shida ni joto: bila kipoozaji kizuri hutajua kilichoharibu dawa ni mwanga au joto. Lazima pia uweke kichujio cha kuzuia mawimbi yaliyo chini ya nanomita 320. Na ujue urujuanimno utavuka kiwango mapema, kabla mwanga unaoonekana haujatimia.

Bi_Mfamasia: Kwa sampuli chache, mimi nasema tyubu. Piga hesabu, mdogo wangu: kwenye luksi 8,000 unahitaji saa 150. Urujuanimno unatakiwa ufike wati-saa 200 kwa mita ya mraba. Tyubu ikitoa wati 10 kwa mita ya mraba, ni saa 20 tu, unaizima na nyeupe inaendelea. Kila dozi ya mwanga unaisimamia peke yake, na hilo zenoni haikupi.

Ila soma lebo! Kwetu iliwahi kuletwa taa ya kuua vijidudu, ya nanomita 254. Wiki nzima ya kazi ikapotea, iliniuma sana. Unayoitaka inatoa nanomita 320 hadi 400, kilele kikiwa kati ya 350 na 370.

QC_Tanga: Shikamoo Bi. Kwa nini asifunge LED nyeupe tu? Ni rahisi na hazina joto kali.

Bi_Mfamasia: Marahaba. LED nyeupe za kawaida karibu hazina urujuanimno kabisa, kwa hiyo nusu ya kipimo inabaki. Lakini umegusa jambo: chini ya Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, utengenezaji wa tyubu za fluoresenti za kuangazia vyumba, ambazo zina zebaki, unakoma kabisa ifikapo mwishoni mwa 2027. Moro, nunua za akiba.

Maabara_Nbo: Hapo nakubali, kwake tyubu zinatosha. Pima mwanga pale pale sampuli zilipo, pembeni na katikati, maana hautawanyiki sawa. Weka na sampuli nyingine ya kulinganisha, iliyofungwa kwa foili, kando ya zile zilizo wazi.

Mkemia_Moro: Asanteni sana. Tunachukua tyubu.

Bi_Mfamasia: Na nifedipini ipimeni mizani chini ya taa ya njano. Taa za dari peke yake zinatosha kuanza kuiharibu kabla hamjafika kwenye kabati la kipimo.