Tupeane uzoefu: gemu za kucheza chumba kimoja, pedi ya pili alishika nani?

Mleta mada (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi wadogo zangu walinitembelea, watu wazima sasa, kila mmoja na familia yake. Tulipomaliza kula, kila mtu akazama kwenye simu. Nikawasha PS (PlayStation), mashine yangu ya gemu, nikatoa pedi mbili za kuchezea. Haikupita robo saa, shemeji yangu ambaye hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu alikuwa amenishika bega, ananielekeza pa kupeleka pasi ya mpira kwenye gemu. Jambo hilo halijanitoka wiki nzima. Mtandaoni nacheza, na napenda, lakini mtu wa mtandaoni hakushiki bega.

Naomba tuweke kando habari za picha kali na mashine mpya. Simulia gemu uliyocheza na watu mkiwa chumba kimoja, na aliyeshika pedi ya pili alikuwa nani kwako.

KasetiYaNjano (Tanga)

Mkuu umenikumbusha mbali. Sisi tulikuwa na ile mashine ya gemu za kaseti iliyoiga ya kampuni ya Nintendo, tunaichomeka kwenye TV ya chogo ya mzee. Pedi ya pili haikuwa na kitufe cha Start wala Select. Aliyeishika hawezi kuanzisha gemu, hawezi kuisimamisha hata akibanwa na haja, mpaka amwombe mwenzake. Pedi ya kwanza ilikuwa ya kaka. Mimi utoto wangu wote ni pedi ya pili.

Gemu yetu ilikuwa Battle City, ile ya vifaru vya vita, Namco waliitoa 1985. Chini ya kioo kuna tai amezungushiwa matofali, ndiye mnayemlinda, na kila hatua vinakuja vifaru 20 vya adui. Kaka anatoka kuwinda, mimi nakaa na tai. Risasi yangu ikimpata kaka, kifaru chake kinaganda kwa muda, adui wanamkuta hapohapo. Nikimpiga tai mwenyewe kwa bahati mbaya, tumekwisha wote. Kwa hiyo nilijifunza kutofyatua ovyo.

Kisha ikaja Contra, gemu ya askari wawili wanaopiga risasi. Wanaoijua wanakumbuka hatua ya maporomoko ya maji, mnaruka mnapanda juu. Anayetangulia akipanda haraka, kioo kinapanda naye, aliyebaki chini anakufa bila kuguswa na adui. Kaka alikuwa mkali nyumbani, chakula ananipunguzia, kitandani ananisukuma ukutani. Lakini pale kwenye maporomoko alikuwa anasimama juu ya jiwe, risasi zinampitia, ananisubiri nifike. Leo yuko Muscat kikazi, mwaka wa nane. Nikimfikiria, picha inayokuja ni ile ya jiwe.

FundiPedi (Mbagala)

Mimi niliendesha kibanda cha gemu, PS2 nne, mabenchi ya mbao, feni moja. Utaratibu ni ule wa vibanda vyote: aliyefungwa anapisha, mshindi anabaki. Tatizo lake nililiona mapema. Vijana wawili watatu wenye mkono mzuri wanakaa kwenye pedi mchana kutwa, na mtoto mwenye mia mbili yake anacheza mechi moja, anafungwa sita, anaondoka, harudi tena.

Nikanunua multitap, kile kiboksi cha kuchomeka pedi nne kwenye mlango mmoja. Jioni nikatangaza ni wawili kwa wawili tu, na timu napanga mimi: mkali mmoja, mgeni mmoja. Siku za mwanzo walinuna. Baadaye ikawa wale wakali ndio wanafundisha, maana bila mgeni wao kujua kukaba, wanafungwa wote. Nilimwona kijana mmoja, fundi hasa wa PES, ile gemu ya mpira wa miguu, amechukua kidole gumba cha mtoto wa darasa la nne, anakiweka juu ya kijiti cha pedi anamwambia, "Sukuma taratibu, usikibonyeze." Kijiti chenyewe mpira ulishalika, nilikivalisha kipande cha tyubu ya baiskeli.

Kibanda nilikifunga mimi mwenyewe nilipopata kazi nyingine. Multitap ninayo hadi leo, siiuzi.

BintiKisauni (Mombasa)

Yangu fupi. Tekken 3, gemu ya kupigana ngumi na mateke, na mpiganaji wake Eddy Gordo. Ndugu zangu wa kiume walikuwa wakishinda wajifunza mapigo, mimi sikuwa na muda huo, jikoni kwaningoja. Eddy achezapo mateke yake ya capoeira, mchezo wa kupigana wa Brazil, hata asiyejua abonyeza vitufe viwili vya mateke atakavyo na mapigo yatoka. Nikawapiga mmoja mmoja. Walitaka Eddy apigwe marufuku nyumbani! Mama ndiye aliyekataa, akasema yeye pia anamtaka. Na kweli alikaa, akacheza. Sijamwona mama amekaa sakafuni nasi kabla ya siku hiyo.

MjukuuWaBibi (Minneapolis)

Bibi alipoletwa huku Marekani alikuwa na miaka sabini na kitu. Baridi, haendi nje, Kiingereza hajui, watoto wa kaka yangu Kiswahili chao cha kubahatisha. Wanakaa sebule moja hawana la kusemezana.

Kaka alikuwa na Wii ya zamani, mashine ya gemu ya Nintendo, na Wii Sports, gemu ya michezo iliyokuja nayo tangu 2006. Uzuri wa bowling yake, mchezo wa kuviringisha mpira uangushe vigingi, ni kwamba rimoti moja inatosha watu wanne, mnapokezana. Hakuna cha kusoma. Unabana kitufe cha chini kwa kidole, unarudisha mkono nyuma, unaupeleka mbele na kukiachia. Bibi akauliza, "Kama kurusha jiwe la kufukuza nyani?" Tukasema ndiyo.

Jamani, bibi alilinda mashamba ya mahindi utoto wake wote. Alijifunga kamba ya rimoti kifundoni, akakaza kanga kiunoni, akarusha. Mpira ulikwenda kombo, ukaangusha viwili. Mara ya pili akaangusha vyote. Mdogo kabisa wa kaka akaruka akamkumbatia kiuno, akapiga kelele "Bibi! Vyote!" Tangu hapo yule mtoto akitoka shule anakwenda moja kwa moja chumbani kwa bibi na rimoti mkononi. Kiswahili alichonacho leo, cha kuhesabu, cha kutania, cha kulalamika kwamba si zamu yako, alikipata pale.

Bibi alitutoka miaka mitatu sasa. Kile kikatuni chake chenye jina BIBI bado kimo ndani ya mashine. Hakuna anayekigusa.

MpishiWaRongai (Nairobi)

Overcooked, wazazi, Overcooked, gemu ya kupika pamoja. Ile ya kwanza ya 2016 haina mtandaoni kabisa, lazima mkae pamoja. Vitunguu vitatu kwa sufuria moja, supu inaiva, mtu asahau kuipakua jiko linashika moto. Mimi na mume wangu tuliona tunavyogombana jikoni kwetu kwenyewe: kila mtu anakata, hakuna anayeosha sahani. Sasa tumegawana kazi, kwenye gemu na nyumbani.

MtotoWaFundi (Dodoma)

Mimi nataja Keep Talking and Nobody Explodes, ya 2015. Haihitaji hata pedi ya pili. Mmoja anaona bomu kwenye kioo, wengine hawaruhusiwi kulitazama, wana mwongozo wa kurasa 23 uliochapwa. Mnaokolewa na maneno tu. Makosa matatu, limelipuka.

Baba ni fundi umeme mstaafu. Nilimpa mwongozo, akavaa miwani, akaanza kuuliza kwa sauti ile ya kazini: "Nyaya ngapi?" Tatu. "Nyekundu ipo?" Hakuna. "Kata ya katikati." Nikakata, taa ikawa ya kijani. Dakika tano zile hakupandisha sauti hata mara moja. Nikaelewa kwa nini wanafunzi wake bado wanampigia simu.

Mleta mada (Morogoro)

Nimewasoma wote, mjukuu wa bibi umenitoa machozi, poleni sana. Mkuu wa Dodoma, mwongozo nimeuchapa leo stesheneri, kurasa zote 23. Shemeji anakuja Jumamosi. Bomu ataliona yeye, mwongozo nasoma mimi.