Paladini wangu, shujaa wa kiapo mchezoni, ameacha mateka achinjwe. Kiapo kimevunjika?

Swali: Wakuu, naombeni mawazo. Juzi kwenye Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika) goblini, kiumbe adui, alitupa upinde, akapiga magoti. Nikamwambia, "Hutaguswa." Usiku, nikiwa zamu, mwizi wa kundi letu, mhusika wa mchezaji mwenzangu, akamchinja. Niliona. Nikageuka nikatazama moto. Kisu hakikuwa changu, lakini ahadi ilikuwa yangu, na inaniuma kweli. Nipokonywe nguvu za upaladini?

Jibu 1: Kwa kanuni za 1978 ungekwisha: paladini akitenda uovu kwa kujua, hadhi inapotea na hairudi. Toleo la 2014 lina huruma zaidi. Aliyeteleza huungama kwa kasisi wa imani yake, hukesha akisali au hufunga. Asiyejuta kabisa ndiye anayeweza kulazimika kuacha upaladini. Wewe unajuta.

Jibu 2: Mwizi alijua umeahidi? Mambo haya yazungumzwe na wachezaji kabla ya kurusha dadu. Na msimamizi wa mchezo alipaswa kukuuliza palepale: "Unamwacha?"

Muulizaji: Hakujua, nilimwahidi goblini pembeni. Asanteni. Kikao kijacho paladini atachimba kaburi kwa mikono yake, kisha afunge. Nguvu zikirudi baadaye, sawa. Kwanza nitamwambia mwizi mbele ya wote kwamba niliona.