Batani za "Twende Kazi" na "Potezea" kwenye mfumo wa mauzo: nani kawaambia dukani kwetu kuna vichekesho?

Wakuu, moderata naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa bei ya mbolea. Hili ni jambo lingine kabisa.

Nina duka la pembejeo hapa Mwanjelwa. Mnaoijua Mbeya mnajua mvua za Novemba zikishaanza watu wanashuka kutoka Umalila na Uporoto asubuhi na mapema, kila mmoja anataka DAP yake, mbolea ya kupandia, awahi gari la kurudi. Ndiyo wiki ambayo wenye mfumo tunaoulipia kila mwezi waliamua kuleta "maboresho".

Maboresho yenyewe: "Hifadhi" sasa inaitwa "Twende Kazi". "Futa" imekuwa "Potezea". Mtandao ukikata, kioo kinaandika "Oyaa, kuna noma". Noma gani? Malipo yameingia au hayajaingia? Mteja ananionyesha meseji kwamba kakatwa hela, mimi upande wangu nina noma tu.

Hayo ya kihuni ningevumilia. Kilichonitoa povu ni hiki. Mama mmoja kalipia DAP, kijana wa kaunta akagusa kimakosa alama ya kufunga. Kioo kikauliza: "Unataka kughairi mauzo?" Chini yake batani mbili, "Ghairi" na "Sawa". Haya niambieni, hapo "Ghairi" inaghairi mauzo au inaghairi huko kughairi? Kijana alitaka mauzo yabaki, kwa hiyo akaikwepa "Ghairi", akabonyeza "Sawa". Yakafutika yote! Mfumo ukairudisha mifuko kwenye hesabu ya stoo wakati mama keshaipakia kwenye guta anaondoka. Pa kurejesha hapapo. Jioni tunafunga hesabu, hela imezidi, mifuko imepungua, tunatazamana kama wezi.

Napiga simu kwao, najibiwa "bosi, mtazoea tu". Nizoee nini, na vijana wa msimu nabadilisha kila mwaka?

Wala si elimu ya siri. Miongozo ya Apple na Microsoft kwa watengeneza programu inasema miaka mingi sasa: batani itaje kitendo chenyewe. Andika "Futa mauzo" na "Rudi kwenye mauzo", kwisha kazi. Badala ya noma andika "Malipo hayajathibitishwa, usirudie kulipa". Na msisingizie lugha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa OpenOffice ya Kiswahili, ile programu ya kazi za ofisi iliyoitwa Jambo, tangu 2004. Menyu nzima, bila oyaa hata moja.

Developa kama umo humu, usinifuate inboksi na pole zako, badilisha maneno. Na nyie wenye maduka Iringa, Makambako na Njombe, mnatumia mfumo gani? Nitajieni ulioandikwa na mtu mzima, nataka nihame kabla watu hawajaanza kufuata mbolea ya kukuzia.