TUPEANE UZOEFU: Insha ya kuchambua tamthiliya, ilikushinda wapi na ulijinasuaje?

Binti wa Dunda
Habarini ndugu zangu. Niko hapa Bagamoyo, nina mdogo wangu yuko kidato cha nne, juzi karudi na pepa ya Kiswahili imejaa wino mwekundu. Swali la tamthiliya, kajaza kurasa nne na nusu, kapata 5 kati ya 15, na pembeni ticha kaandika neno moja mara tatu: "unasimulia". Mtoto kalia mpaka basi, maana kitabu kakisoma kweli, anakuhadithia mwanzo mwisho.

Mie roho iliniuma kwa sababu yalinikuta hayohayo. Kitabu changu kilikuwa Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, kile cha 1969, na swali lilitaka tuonyeshe mwandishi kamtumiaje mhusika mkuu kufikisha ujumbe. Basi nikashuka na Vita vya Majimaji, vilianza 1905 vikaisha 1907, Wajerumani, pamba ya kulazimishwa, kodi, viboko, kurasa mbili nzima. Mwalimu akaniita akaniuliza hii pepa ya Historia au ya Kiswahili? Akanifungulia mwanzo wa kitabu, pale mwandishi anapoeleza kuwa Kinjeketile wa kwenye mchezo ni kiumbe cha sanaa, asichukuliwe kuwa ndo yule wa historia. Pale nilikuwa nimeparuka siku zote, nani anasoma dibaji?

Halafu akanambia angalia, yule wa historia walimnyonga 1905 vita ndo kwanza imeanza, huyu wa kwenye mchezo kaachwa hai mpaka watu wamekufa na yeye yuko kifungoni anatakiwa aseme kama yale maji aliyowapa watu kuwa kinga ya risasi yalikuwa dawa au uongo. Kwa nini mwandishi kamwacha hai? Nilikaa na hilo swali wiki nzima. Sijawahi kuandika insha kwa hamu kama ile iliyofuata.

Sasa nataka nimsaidie mdogo wangu ila kueleza nashindwa. Nyie mlitokaje?

Mwalimu mstaafu, Pangani
Binti yangu, mpe pole mdogo wako. Nimefundisha Kiswahili miaka 26 na hilo neno "unasimulia" nimeliandika mpaka mkono ukachoka, na nakiri wengi wetu tunaliandika tu bila kumwonyesha mtoto asimuliaye anatofautianaje na achambuaye.

Mchukulie karatasi yake umwambie azungushie kila "kisha", "halafu", "baada ya hapo". Akikuta aya nzima imeshikwa na hayo maneno, ile ni hadithi, hakuna hoja. Halafu aangalie nani anatenda kwenye sentensi zake. Kama kila mara ni mhusika (Kinjeketile akaenda, akasema, akakamatwa) bado yuko ndani ya hadithi. Mwandishi lazima aonekane kazini.

Mfano. Mtoto anaandika: "Kinjeketile alitoka majini akawaambia watu watawashinda Wajerumani na watakuwa watoto wa Seyyid Said." Kweli kabisa, imo kitabuni (Seyyid Said ni yule Sultani wa Zanzibar), na haina maksi nyingi. Sasa aseme hivi: "Mwandishi anatia ukombozi na bwana mpya katika kinywa kimoja, na hapo ndipo mgogoro wa nafsi wa Kinjeketile unapozaliwa, kwani anaanza kulitilia shaka neno alilolileta mwenyewe ilhali watu wameshalishika." Tukio ni lilelile. Hapa kuna dai, kuna ushahidi, na kuna maelezo ya kwa nini ushahidi unabeba dai. Akiweza kufanya hivyo mara tatu kwa kila kitabu, msahihishaji atamnyima nini?

wa_ngamiani
Shikamoo mwalimu. Mie niko Tanga mjini, yangu ilikuwa madesa. Tulikuwa na kijitabu cha uchambuzi kimepigwa fotokopi mpaka maandishi yamefifia, humo kila tamthiliya ina dhamira sita, migogoro minne, ujumbe mitano, tukakariri darasa zima kwa mpangilio uleule, usiku tunaulizana hoja ya tatu ipi, ya nne ipi, tukaingia kwenye mtihani tunajiamini kweli, kufungua swali linasema tujadili mwandishi alivyofanikiwa kisanaa, yaani fani, na sisi tumebeba dhamira, basi nikazimwaga hizohizo dhamira zangu sita nikazipachika "kisanaa" kila mwisho wa sentensi. Nilipata 4. Darasa zima tulikuwa humohumo kwenye 3, 4, 5, na sentensi zetu zinafanana kama mapacha.

Kilichoniuma si maksi. Ni kuwa kitabu chenyewe sikuwa nimekisoma. Nimekuja kukisoma nikiwa nimeshamaliza shule, nimekaa baraza la nyumbani, nikagundua kina maneno mazuri mno ambayo kwenye kile kijitabu hayamo hata moja. Kwa hiyo dada, ushukuru mdogo wako kakisoma. Huyo yuko mbele yetu mbali.

Kaka wa Magomeni
Mie pia wa hapahapa Bagamoyo. Nyie mnaoishi huku mna kitu wenzenu hawana na hamkitumii. Chuo cha sanaa kipo toka 1981, siku hizi TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, tamasha kila mwaka, na tamthiliya ni mchezo jamani, imeandikwa ichezwe. Nilikuwa nikiandika "mtindo uliotumika ni dayalojia", yaani majibizano ya wahusika, sababu notsi zinasema hivyo, sijui hata ina kazi gani.

Siku moja nikaenda kuangalia vijana wanafanya mazoezi. Mwongozaji akawasimamisha kwenye sehemu ambayo kitabuni kuna neno moja kwenye mabano, kimya. Wale waigizaji walikuwa wanaliruka. Akawaambia kaeni kimya kweli, msikimbie. Wakakaa. Baba na binti hawaangaliani, hata sisi tuliokaa pembeni tukaacha kunong'ona. Nikaelewa kuwa mwandishi wa tamthiliya hana sehemu ya kukwambia "baba aliona aibu" kama kwenye riwaya, anacho kimya hicho tu, nani anaingia, nani anatoka, taa, kitu mtu alichoshika mkononi. Insha iliyofuata niliandika aya nzima juu ya maelekezo ya jukwaani, ticha akaandika "safi" na akaisoma mbele ya darasa. Maelekezo ya kwenye mabano mdogo wako asiyaruke, mule kuna hoja ambazo darasa zima hawana.

Mama Samaki
Nami niseme. Nimefanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na miaka 34, mtahiniwa wa kujitegemea, mchana niko soko la samaki usiku ndo nashika kitabu. Wa kunifundisha sina. Nikawa nawagawia wanangu wahusika, mkubwa anasoma huyu, mdogo yule, mimi nashika wanaobaki, tunasoma kwa sauti jikoni.

Usiku mmoja mwanangu wa miaka kumi akagoma. Akasema mama, huyu mzee muongo, hapa kasema anampenda mwanawe, kule nyuma kamuuza. Tukarudi nyuma kurasa kwa kurasa, kweli. Nikachukua kalamu nikaandika pembeni: maneno hivi, matendo vile. Kwenye mtihani likaja swali la wahusika, nikajenga hoja yangu yote juu ya hilo. Nilipata C ya Kiswahili. Cheti nimekitundika sebuleni.

Binti wa Dunda
Mama Samaki umenitoa machozi. Mwalimu shikamoo, na asante sana sana. Jana tumekaa na dogo, tumezungusha "kisha" na "halafu", tumehesabu ishirini na tatu kwenye kurasa nne! Kaandika upya aya ya kwanza peke yake, sijamshika mkono, nawawekea hapa:

"Mwandishi anamnyima Kinjeketile kifo cha haraka ili amlazimishe kuchagua. Akikana maji atapona, lakini waliokufa watakuwa wamekufa kwa uongo mbele ya wajukuu zao. Anapokataa, halindi maji tena, analinda sababu iliyowafanya watu waungane."

Kaniuliza, dada, hiyo "analinda sababu" niiache au ticha ataona nimekopi? Nimemwambia aiache.