Baada ya kuhamia Windows 11 kisakinishi kinagoma mtandaoni: faili kamili, hotspoti, au kuweka Windows upya?

MwanaKilindini
Salaam aleikum nyote. Ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Kilindini imehamisha kompyuta zake kutoka Windows 10 kwenda 11, kwa kuwa Microsoft ilisitisha msaada wa ile 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kuhama kwenyewe kulikwenda vizuri. Taabu ni kuirudisha programu ya hesabu. Kisakinishi chake ni kile kidogo kinachovuta mafaili mengine kutoka mtandaoni, na kila mashine ina kilio chake. Ya mapokezi inaandika 403. Ya mhasibu inasema cheti cha usalama, yaani kitambulisho cha tovuti, si halali. Ya tatu inasema haikuweza kuifikia seva, na hali kivinjari chake kinafungua tovuti zote.

Nimependekezewa njia tatu: kupakua faili kamili na kuizungusha kwa flashi, kutumia hotspoti ya simu, au kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Ipi inafaa? Makontena ya wateja yakilala bandarini yanatozwa, siwezi kukaa wiki nzima nikibahatisha.

FundiKongowea
Waaleikum salaam kaka. Hiyo ya kuweka Windows upya iondoe kabisa. Utapoteza siku, na kama kasoro iko kwenye seva ya wenye programu utaikuta palepale. Hayo ni maradhi matatu, usiyape dawa moja.

403 maana yake umefika hadi kwenye seva, imekusikia, imekataa. Waya na ruta yako havina neno hapo. Ingekuwa 404, faili imehamishwa au haipo tena. Ingekuwa 407, kuna proksi, yaani seva ya kupitishia intaneti, katikati inadai jina na nywila.

Ya mhasibu anza na saa. Tarehe ya kompyuta ikirudi nyuma miaka, tovuti zinaonekana kama vyeti vyake havijaanza kutumika. Eneo la saa liwe Nairobi, UTC+03:00, na mwaka uwe sahihi. Saa ikipotea kila umeme ukichomolewa, betri ndogo ya ubaoni imekwisha. Nyingi ni CR2032, hata fundi wa saa anazo. Saa ikiwa sawa, fungua tovuti ya wenye programu, bonyeza alama iliyo kando ya anwani, usome cheti kimetolewa na nani.

Ya tatu ndiyo inayowachanganya watu. Kivinjari hufuata mipangilio ya proksi ya mtumiaji. Visakinishi vingi na huduma za Windows hupitia WinHTTP, sehemu ya Windows ya kuwasiliana na mtandao, ambayo ina mipangilio yake peke yake, na ukipandisha Windows juu ya ile ya zamani inaweza kubaki vilevile. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa haki za msimamizi uandike:

netsh winhttp show proxy

Ikitaja proksi msiyoitumia tena, ifute kwa netsh winhttp reset proxy. Kisha chungulia faili ya hosts, orodha ya majina ya seva na anwani zake, ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc. Ukiona jina la seva ya programu limeelekezwa 127.0.0.1, yaani kwenye kompyuta yenyewe, basi kuna mtu aliifunga njia hapo.

MjaMakupa
Kwani kwa nini msizime antivairasi na fayawoli, msakinishe, halafu mziwashe tena? Ama mtumie winget, zana ya Windows ya kusakinisha programu, amri moja tu.

BintiNyali
Hapana ndugu yangu. Mashine za forodha zimebeba stakabadhi za wateja na nywila za malipo, ukuta wake hauondolewi kwa kubahatisha. Hata hivyo fayawoli ya kompyuta haileti 403. Nayo winget kwa kawaida huchukua faili kwenye kiungo cha mtengenezaji yuleyule, kwa hivyo seva ikikataa, winget nayo inarudi mikono mitupu. Uzuri wake ni kwamba inalinganisha alama ya faili, yaani namba inayobadilika faili ikiguswa, kabla ya kusakinisha.

Mimi kura yangu ni faili kamili, na nasema hivi kwa kuwa ndiyo kazi yangu kila siku. Unapakua mara moja, unasakinisha mashine zote, na intaneti ikiyumba katikati hakuna programu iliyobaki nusu. LibreOffice kwa mfano hutoa faili kamili ya takriban MB 350. Ila ichukue kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwenye tovuti za kugawa mafaili. Kabla ya kuifungua, andika kwenye Command Prompt:

certutil -hashfile jina-la-faili.exe SHA256

Linganisha na alama iliyochapishwa na mtengenezaji. Kama hakuchapisha, bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa zake, uangalie saini ya kidijitali ni ya nani. Kasoro yake ni moja: programu nyingi za hesabu hutaka kuhakiki leseni mtandaoni, kwa hivyo ya mhasibu na ya tatu lazima zitibiwe hata ukiwa na flashi.

AmiTudor
Hotspoti msiidharau, ila ifanyeni kipimo tu. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. Mmoja akifanya fujo na seva ikaifunga anwani ile, wote wanapata 403 bila kosa. Anwani ya ofisi nayo inaweza kufungwa vivyo hivyo. Mwanangu, ijaribu ile ya mapokezi kwa simu. Ikipita, tatizo ni anwani yenu. Ikigoma vilevile, yaelekea tatizo ni kisakinishi au seva. Na uitie alama kwenye mipangilio ya Windows kuwa ni intaneti ya kupimwa (metered), la sivyo Windows itavuta masasisho yake na bando liishe. VPN, ile ya kupitisha intaneti kwa seva nyingine, siipendekezi, maana seva nyingi hufunga anwani za VPN zenyewe.

MwanaKilindini
Shikamoo ami, ahsanteni sana. Ya tatu imepona: WinHTTP ilikuwa bado inaelekeza kwenye proksi ya seva tuliyoitoa zamani. Ya mhasibu saa iko sawa, lakini cheti kinasema kimetolewa na antivairasi ya zamani. Ya mapokezi inatoa 403 hata kwa simu.

FundiKongowea
Basi antivairasi hiyo inajiweka katikati kukagua mawasiliano, na cheti chake hakitambuliki tena. Iondoe kwa zana ya kuondolea ya watengenezaji wake, uwashe upya. Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, itashika zamu. Ya mapokezi kisakinishi ni cha zamani. Viungo vingine vya kupakulia huisha muda, na seva hujibu 403.

MwanaKilindini
Ndivyo ilivyokuwa. Nimeingia kwenye akaunti yetu ya wateja, nikapata toleo jipya, faili kamili. Saini ni ya mtengenezaji. Mapokezi imesakinishwa kwa flashi na leseni imekubali. Ya mhasibu inawashwa upya sasa hivi, tovuti ya leseni inafunguka bila onyo.